Kafungwa Kampala

Salvina alikuwa na neno lake moja kuhusu mpira: ni kazi ya watu wasio na mbuzi. Alilisema kisimani, alilisema njiani akitoka kanisani, na alimwambia mwanawe Ansgar tangu kijana huyo angali mtoto wa kusokota matambara na kuyapiga teke nyuma ya zizi. Hakulisema kwa ubaya. Mume wake Makoye alikuwa amefariki mapema, akamwachia shamba la pamba upande wa Ushirombo, mbuzi wachache, na huyu Ansgar. Sasa mama mwenye mtoto mmoja afurahi vipi kusikia kwamba mtoto huyo anasimama katikati ya miti miwili ili wanaume wenzake wampige mipira ya tumbo? Hebu.

Lakini kijana alikuwa na mikono. Alipopata kazi Songwa, kwenye mgodi wa almasi, walimweka golini kwa sababu ya urefu wake, na hakutoka tena. Akaja kuchezea mkoa. Halafu mwaka ule mashindano ya Chalenji yalipopangwa kuchezwa Kampala, nchi jirani zote zikipeleka timu zao kugombea kombe, jina lake likasomwa redioni: Ansgar Makoye, golikipa, timu ya Taifa. Kijiji kizima kilishangilia. Salvina peke yake aliingia ndani, akakaa kitandani, akatazama ukuta.

Kampala jamani! Mwaka mmoja tu nyuma ndege za kule zilikuwa zimeangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Habari za watu waliovuka mpaka zilisimuliwa kwa sauti ya chini: fulani kakamatwa, fulani hajarudi, mke wa fulani bado anangoja. Na huko ndiko anakokwenda mwanawe, tena kwa hiari yake, tena anacheka.

Ansgar alikuja kuaga. Kwa akina Salvina mtoto hasafiri mbali hivi hivi. Mama huteka maji kwa kata, huyatia kinywani, akampulizia mwanawe kifuani na kumtamkia maneno ya njia njema. Ansgar alifanyiwa hivyo alipokwenda Songwa, na siku hii alifungua vifungo vya shati mwenyewe, akapiga magoti, akangoja.

"Mayu, maji," alisema. Nyumbani walisema Kisukuma, na mayu ndiye mama.

"Maji yapo mtungini. Ukiwa na kiu, kanywe."

"Mayu, naondoka."

"Kwani nimekushika?"

Ukweli ni kwamba alikuwa amemshika, kwa njia aliyoijua yeye. Aliamini asipompa maji hataondoka. Nani amewahi kuondoka bila maji ya mama yake? Ansgar alipiga magoti mpaka miguu ikamfa ganzi, kisha akainuka, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akasema, "Basi kaa salama, mayu." Akaenda. Akaenda kweli! Salvina alibaki mlangoni na kata mkononi, anamtazama mpaka njia ikamficha, na kwa kiburi hakumwita.

Sasa yaliyofuata yalitokana na Kiswahili. Kiswahili cha Salvina kilikuwa cha kuazima. Alikitumia kanisani na kwa karani wa pamba, akirudi nyumbani anakiacha mlangoni. Neno kufunga alilijua vizuri: unafunga mlango, unafunga mbuzi, unafunga Kwaresima. Na kufungwa ndiko alikokujua zaidi ya yote. Zamani kaka yake Gregory alipata kesi ya ng'ombe, akina mama wakangoja nje ya mahakama tangu asubuhi, na karani akatoka akawatupia neno moja tu: "Kafungwa." Gregory alikaa ndani miaka, wakampelekea chakula mpaka siku aliyotoka. Hakuna aliyewahi kumwambia Salvina kwamba kuna kufungwa kwa aina nyingine. Na nani angemwambia, ikiwa mtu akitaja mpira mbele yake anafukuzwa kama kuku?

Ikafika Jumamosi ya fainali, Tanzania na Uganda, na Uganda wako kwao. Redio ilikuwa kwa Onesmo, katekista, mtu mpole sana siku zote isipokuwa siku za mpira. Wanaume walijaa uani kwake. Salvina alijifanya ana haraka ya maji, ingawa mtungi wake ulikuwa umejaa pomoni, na njia ya kisimani, kwa bahati njema, ilipita nyuma ya ua wa manyara wa Onesmo. Hapo akatua ndoo apumzike kidogo. Si kwamba alikuwa anasikiliza!

Mtangazaji alikuwa anakimbiza maneno, Salvina haokoti hata nusu. Mara akasikia jina, na baada ya jina kelele ya watu wengi mno, na sauti ya mtangazaji ikishuka kwa masikitiko: "Lo! Amefungwa! Ansgar Makoye amefungwa!"

Alichungulia katikati ya manyara. Wanaume wote wameshika vichwa. Onesmo amefumba macho, na midomo inamcheza.

Salvina alishika tawi la manyara, utomvu ukamchafua mkono, hakusikia. Akasimama hapo hapo muda mrefu, redio inasema yake, mpaka lile jina likarudi. "Amefungwa tena! Ansgar Makoye! Mawili!" Na watu wa Kampala wakapiga kelele za furaha mpaka redio ikakoroma.

Miaka miwili. Mawili au miwili, Kiswahili cha Salvina hakikuwa na nafasi ya kubagua. Aliiacha ndoo palepale akakimbia.

Jioni jirani yake Paskalina alikuja kumpa pole. Alisema Kisukuma chote, isipokuwa yale maneno yaliyokuja na redio; hayo kila mtu aliyatumia kama yalivyokuja.

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia. Kafungwa."

"Mawili," alisema Paskalina, akatikisa kichwa. "Usiumie sana. Mwakani nako kupo. Watarudi tena kule, au wenzao watakuja kwetu, na yeye atakuwa amekomaa."

Salvina alimtazama rafiki yake wa tangu usichana akashindwa kuamini masikio yake. Atakuwa amekomaa! Ndivyo mtu anavyomfariji mama? Akamwambia kichwa kinamuuma, anataka kulala. Hakulala. Alishika rozari, na kila alipofika katikati aliona shati linalofungwa vifungo kimoja kimoja.

Jumapili kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Watu walimpa mkono wa pole baada ya misa, wengine huku wanatabasamu, na Onesmo mwenyewe, mtu wa Mungu, alimwambia, "Mama Ansgar, usijali, kufungwa ni kitu cha kawaida." Cha kawaida kwako wewe, alijibu moyoni. Ila kwa mdomo alisema asante, akaenda zake. Mambo mawili alikuwa ameyakata shauri wakati wa misa. La kwanza, mtoto kafungwa, basi na mama anafunga: hali kitu mpaka amwone. La pili, mfungwa hupelekewa chakula cha kwao. Alichemsha matobolwa, viazi vile vitamu vilivyokaushwa ambavyo Ansgar alivipenda tangu hana meno, akatwanga karanga, akajaza kapu. Kikombe cha bati akakitia juu. Kampala hakuijua iko upande gani, lakini alijua ukishafika Mwanza kuna maji makubwa, na Kampala iko ng'ambo ya maji hayo. Wataniuliza nimefuata nini, aliwaza. Nitasema nimemletea mwanangu chakula. Jeshi lote lile litakosa mtu mmoja mwenye mama?

Jumatatu alfajiri alisimama barabarani. Lori la marobota ya pamba likasimama, na dereva wake, Bujiku, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu karibu, akamfungulia mlango wa mbele.

"Shikamoo mama. Na kapu hilo lote, wapi?"

"Marahaba. Kwa mwanangu. Napitia Mwanza. Kafungwa."

"Wa kwako naye!" alisema Bujiku, akaguna. "Ndiyo habari ya nchi nzima hiyo. Jina lake nani?"

"Ansgar Makoye."

Lori liliyumba, kidogo liingie mtaroni. "Wewe ndiye mama yake Ansgar? Golikipa? Mama, shikamoo tena! Mimi nilisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho. Nakuambia usimlaumu yule kijana hata kidogo. Waliomponza ni mabeki."

"Mabeki ndio akina nani?"

"Wenzake. Wale wanaokaa mbele yake kumlinda."

"Wakamkimbia?"

"Walimwacha peke yake kabisa!"

Salvina alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mwamuzi hakuuliza kitu?"

"Mwamuzi aulize nini, mama? Yeye anapuliza filimbi tu, basi, imekwisha."

Kesi ya Gregory ilichukua miezi. Kumbe Kampala hakimu anapuliza filimbi na mtu anakwenda ndani. Salvina aliinama akaomba kimya kimya.

"Tena usilie," alisema Bujiku, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Mimi ujanani nilikuwa golini vilevile. Siku moja nilifungwa saba! Saba, mama! Kesho yake niliamka nikala ugali kama kawaida."

Salvina alisogea taratibu mpaka bega likagusa mlango. Miaka saba, na bado anapewa lori la watu. Kapu akalihamishia upande wa pili.

Geita walisimama kunywa chai. Wanaume wenye vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, wale waliobaki kuchokonoa machimbo ya zamani baada ya mgodi kufungwa, walikuwa mgahawani wakibishana juu ya fainali. Bujiku akamwagizia Salvina maandazi.

"Asante baba, nimefunga."

"Umefunga?" Bujiku alicheka. "Afadhali wewe, mama. Wenzako ndiyo kazi iliyowashinda."

Salvina alikwisha kuamua kwamba mtu huyu ana moyo mzuri lakini jela ilimharibu akili.

Alasiri walifika Busisi, kwenye kivuko. Magari yalipanga mstari kungoja pantoni itoke ng'ambo. Salvina alishuka na kapu lake akaliona ziwa mara ya kwanza katika maisha yake, maji mpaka macho yanachoka, na akasema kwa sauti, "Hata yawe mapana vipi." Bujiku alikuwa anakagua magurudumu. Askari mmoja alisimama kando ya maji ameshika fimbo, anapanga watu.

Pantoni ikagota. Watu wakateremka na kuku wao, mabati yao, baiskeli zao. Nyuma ya wote alikuja kijana mrefu amevuta kofia mpaka machoni, begi begani, anatembea amejikunyata kama mtu anayekwepa mvua.

Mama hahitaji kuona uso. Salvina alimjua kwa mabega. Na neno la kwanza lililomjia, hakika, lilikuwa moja tu: katoroka! Alikwenda mbio, akavua kanga ya mabegani, akamtupia mwanawe kichwani kofia na yote.

"Mayu? Mayu! Unafanya nini huku?"

"Nyamaza. Inama. Umetoroka lini?"

"Nimetoroka?"

"Askari yule pale, usimtazame. Pita nyuma ya lori. Tutakwenda kwa miguu, tukiona watu tunaingia kichakani."

Ansgar, chini ya kanga, alielewa vingine. Timu ilimruhusu ashukie Mwanza aende nyumbani, na tangu Mwanza watu walikuwa wanamtambua. Mmoja alimzomea pale pale kwenye pantoni, na wengine wakacheka. Sasa mama yake mwenyewe anamfunika uso.

"Hata wewe, mayu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Hata wewe unaona aibu watu wakiniona."

"Aibu ya nini? Mjomba wako Gregory alifungwa, alipotoka tulimchinjia mbuzi."

"Mjomba alifungwa kwa ng'ombe."

"Na wewe kwa nini? Niambie mama yako. Uliwafanya nini watu wa watu?"

"La kwanza sikuliona, mayu. Watu walinizibia macho. La pili..." Alitoa mikono chini ya kanga akaitazama. "La pili nililigusa. Kwa vidole hivi."

"Uligusa nini?"

"Mpira."

"Wamekufunga miaka miwili kwa kugusa mpira!"

Ansgar alitoa kichwa nje ya kanga. Wakatazamana. Nyuma ya lori Bujiku, ambaye masikio yake hayakuwa mbali, alinyanyuka polepole, mdomo wazi, maana mazungumzo yote ya safari yalikuwa yanamrudia moja baada ya jingine.

"Mabao!" alipiga ukelele. "Mama! Mabao mawili! Siyo miaka!" Akaegemea gurudumu akacheka mpaka akakaa chini. "Na mimi nikamwambia nilifungwa saba! Toba!"

"Mayu," alisema Ansgar, akachuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Mpira ukiingia golini kwangu, wanasema nimefungwa. Ndiyo hivyo tu. Unaingia, wanauweka katikati, tunaendelea."

"Mnaendelea?"

"Tunaendelea."

"Na usiku ule ulilala wapi?"

"Hotelini. Kitanda kikubwa, shuka nyeupe."

Salvina alikaa juu ya mchanga, miguu ameinyoosha. Alilia kwanza, kwa sauti, bila kujali nani anatazama, hata yule askari akaja kuuliza kuna msiba gani. Kisha akakamata kanga yake akamchapa nayo mwanawe begani, mara nyingi, huku kicheko kinamponyoka katikati ya machozi. "Mpira! Sijatia kitu mdomoni tangu jana kwa ajili ya mpira! Nimekaa na mtu wa miaka saba gari zima kwa ajili ya mpira!"

Ansgar alichapwa akatulia. Lakini hakucheka. Alisubiri mama amalize, akasema akitazama chini, "Kidogo tu ningelitoa lile la pili. Nikiwa chini, nimelala, niliwaza jambo moja. Niliwaza ningekuwa na maji yako, lingetoka."

Hakusema kwa kulaumu, na ndiyo maana liliuma zaidi. Salvina alimwangalia kijana huyu mkubwa, aliyebeba nchi nzima mgongoni tangu Jumamosi bila mtu wa kumtua, akampenda mpaka kifua kikamwuma. Yeye naye aliwaza hayo hayo kila siku, akiwa upande wake wa maji.

Aliinuka. Akachukua kikombe cha bati kapuni, akaingia ziwani mpaka magotini, akateka. Ansgar alimwona anakuja, akaelewa. Akavua kofia, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya pantoni, mbele ya marobota, mbele ya yule aliyemzomea, akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja.

Salvina alimpulizia maji kifuani. Ansgar alishtuka kwa baridi kama alivyoshtuka mara ya kwanza.

"Uende na urudi," alisema Salvina. "Ukila, ushibe. Ukidaka, udake. Ukifungwa..." Akasita, akafikiri kidogo. "Ukifungwa, iwe hivi hivi, ya mpira."

"Amina," walisema watu waliokuwa karibu, na yule mzomeaji alisema kwa sauti kuliko wote.

Wakakaa kivulini mwa lori, kapu katikati yao, Ansgar akala matobolwa kwa mikono miwili kama mtu asiyejua chakula tangu Jumamosi, na kweli hakukijua. Salvina alikula naye. Bujiku alikaribishwa, akala, akafuta mdomo. Lakini maumivu ya shabiki hayaishi upesi.

"Ila mama," alisema, "unavyofurahi mtu angedhani tumelileta kombe. Kombe limebaki Kampala. Tumefungwa!"

"Mmefungwa ninyi," alisema Salvina, akimwondolea mwanawe mchanga kwenye nywele. "Wa kwangu huyu hapa."